Umeruka Windows 10: je, lazima uipitie ndipo ufike 11?

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja limekuwa likizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye maduka ya kompyuta na katika ofisi ndogondogo zenye kompyuta moja ya kuchapia barua. Mwenye Windows 7 afanye nini? Apande kwenda 10 kwanza, ndipo aende 11, au aruke moja kwa moja? Mmoja atakwambia haiwezekani kuruka, mfumo utakataa. Mwingine atasema yeye karuka na mambo yako shwari. Wa tatu ni fundi: atachukua kompyuta yako, atairudisha jioni ikiwa na Windows 11 inayong'aa, na picha za harusi zimekwenda na maji.

Ajabu ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, maana kila mmoja ana lake akilini anapotaja kuruka. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama inawezekana, tukubaliane kwanza tunazungumzia nini.

Kupandisha na kupiga upya

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha kompyuta, na ambayo programu nyingine zote huipitia kila zinapotaka kuandika kwenye diski, kuonyesha kitu kwenye kioo au kutuma kazi kwa printa. Windows ni mfumo endeshi. Vivyo hivyo macOS ya kompyuta za Apple, na Ubuntu na Debian, za familia iitwayo Linux. Word na Chrome ni wapangaji tu. Zinakaa juu ya mfumo endeshi na haziwezi kusimama bila huo.

Mtengenezaji hutoa vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna masasisho, ambayo wengi wetu tunayaita apdeti: viraka vinavyokuja kila mwezi kuziba matundu ya usalama na kurekebisha hitilafu, mfumo ukibaki ule ule. Halafu kuna toleo jipya, ambalo hung'oa mfumo wa zamani na kuweka mwingine mahali pake. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, Windows 8 Oktoba 2012, 8.1 mwaka uliofuata, Windows 10 Julai 2015 na Windows 11 Oktoba 2021. Kila toleo lina tarehe yake ya mwisho wa huduma, na tarehe hiyo ikipita apdeti za usalama hukoma. Kwa Windows 7 ilikuwa Januari 2020, kwa 8.1 Januari 2023.

Kutoka toleo moja kwenda jingine kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha toleo juu kwa juu: unaanzisha usakinishaji ukiwa ndani ya Windows yako ya zamani, na ukimaliza unakuta mfumo mpya, huku faili, programu na mipangilio yako vipo pale pale. Ya pili ni usakinishaji safi, ule ambao mafundi huuita kupiga Windows: kompyuta inawashwa kwa flashi, sehemu ya diski yenye mfumo inafutwa, na Windows mpya inaanza bila habari ya kilichokuwepo.

Chukua nyumba yenye wapangaji. Njia ya kwanza ni kubadilisha paa, nyaya na mabomba huku wapangaji wakiwa ndani na vyombo vyao. Ya pili ni kuwatoa wote, kubomoa, na kujenga upya kwenye kiwanja kile kile. Anayebomoa hana haja ya kujua nyaya za zamani zilipita wapi. Anayekarabati watu wakiwa ndani lazima ajue, tena kwa undani, la sivyo atapigilia msumari kwenye bomba.

Usakinishaji safi, basi, haujali umeruka matoleo mangapi. Unaweza kutoka Windows XP ya mwaka 2001 hadi 11 kwa mchana mmoja, mradi kompyuta yenyewe inakubali. Kuruka toleo ni shida ya anayepandisha juu kwa juu peke yake.

Kwa nini kompyuta inataka kujua umetokea wapi

Unapoanzisha upandishaji, programu ya usakinishaji hukagua kwanza: nafasi kwenye diski, prosesa (ubongo wa kompyuta), draiva (programu zinazoendesha vifaa kama printa), na programu zinazojulikana kugombana na toleo jipya. Kisha hunakili faili za mfumo mpya pembeni, huiwasha upya kompyuta katika mazingira madogo ya muda, husogeza Windows ya zamani kwenye folda iitwayo Windows.old, na kuweka mpya mahali pake. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, nayo ni kuhamisha. Kuna maelfu ya mipangilio iliyoandikwa kwa utaratibu wa toleo la zamani, na yote inatakiwa isomeke kwa utaratibu wa toleo jipya. Nywila ya Wi-Fi ilihifadhiwa wapi? Printa ilisajiliwaje? Ile programu ya mahesabu ya duka iliacha alama zipi kwenye rejista ya mfumo, yaani daftari lake la mipangilio, na je, mfumo mpya unazielewa?

Kwa kila safari, kutoka toleo fulani kwenda toleo fulani, lazima mtu aketi aandike kanuni za uhamishaji, kisha azijaribu kwenye kompyuta za kila aina. Hakuna kampuni inayofanya hivyo kwa kila toleo lililowahi kutoka. Huchagua safari ambazo watu wengi watazifanya, huzijenga vizuri, na nyingine huzifunga, hata zile ambazo huenda zingefika salama. Ujumbe wa kukataliwa unaouona kwenye kioo mara nyingi hauna maana kwamba jambo hilo haliwezekani kiufundi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyelijaribu vya kutosha akubali kubeba lawama.

Hili lilishawahi kutokea, na waliokuwa kazini miaka ile watakumbuka. Windows Vista ilipoingia sokoni Januari 2007 ililalamikiwa sana kwa uzito wake, na watu wengi, pamoja na makampuni, wakaamua kuiruka wabaki na XP. Windows 7 ilipokuja, aliyekuwa na Vista aliweza kupandisha juu kwa juu. Wa XP hakuweza. Alipewa usakinishaji safi, akapewa na programu ya kubebea faili na mipangilio, lakini programu zake zote ilimbidi azisakinishe upya mwenyewe, moja moja. Aliyeng'ang'ania kuhama na programu zake alilazimika kupitia Vista, toleo lile lile alilolikwepa kwa karibu miaka mitatu.

Safari hii mambo ni yale yale kwa majina mengine. Windows 10 ilijengewa njia ya kupokea watu kutoka 7 na 8.1 pamoja na programu zao. Windows 11 imejengewa njia ya kupokea watu kutoka 10. Aliyebaki kwenye 7 hana njia rasmi ya kufika 11 akiwa na programu zake. Microsoft yenyewe humwelekeza kwenye usakinishaji safi au kompyuta mpya. Kwa hiyo anayesema "lazima upitie 10" anasema kweli kwa mtu anayetaka kuhama na vyombo vyake. Anayesema "ruka tu" anasema kweli kwa anayepiga upya.

Namba zisikutishe

Kuna kosa jingine dogo linalozaa hofu kubwa, nalo ni kuhesabu umbali kwa kutumia namba za matoleo. Namba hizo huwekwa na watu wa masoko. Windows 9 haikuwahi kutoka, kutoka 8.1 tulikwenda 10. Apple walifanya makubwa zaidi mwaka 2025: baada ya macOS 15 wakatoa macOS 26, ili mifumo ya vifaa vyao vyote ibebe namba moja inayofuata mwaka. Aliyetoka 15 kwenda 26 amepanda toleo moja.

Upande wa pili, Windows 10 na 11 zinaonekana mbali kwa sura, lakini ndani ni ndugu wa karibu mno. Windows 11 ukiiuliza namba yake ya ndani bado inajibu 10.0, kinachobadilika ni namba ya ujenzi, ambayo ilianzia 22000. Ndiyo maana kupanda kutoka 10 kwenda 11 ni safari fupi isiyo na vituko vingi, na ndiyo maana mwenye Windows 10 anayeuliza kama ameruka toleo anaweza kutulia. Hajaruka kitu.

Ila ndani ya Windows 11 yenyewe kuna matoleo madogo: 21H2, 22H2, 23H2, 24H2, 25H2. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, zinazofuata ni nusu ya mwaka. Haya unaweza kuyaruka upendavyo, kwa kuwa kila moja limebeba yote yaliyotangulia. Tofauti utaiona kwenye bando. Aliyekuwa kwenye 24H2 alipata 25H2 kama kifurushi kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vyake ilikuwa imeshashuka pamoja na apdeti za kila mwezi, ikisubiri kuwashwa tu. Aliyebaki 23H2 akairuka 24H2 lazima ashushe mfumo mzima, gigabaiti kadhaa. Kwa mtu anayetumia intaneti ya simu, hiyo ndiyo gharama halisi ya kuruka.

Ukitaka kujua uko kwenye lipi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter.

Wenzetu wa Linux na Mac

Ubuntu inafundisha jambo hili vizuri kuliko Windows, kwa sababu inaruhusu kuruka na kukataza kuruka kwa wakati mmoja. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutoka toleo la muda mrefu linalohudumiwa kwa miaka mitano: 20.04, 22.04, 24.04. Katikati hutoka matoleo ya muda mfupi, yanayohudumiwa kwa miezi tisa tu. Aliye kwenye 22.04 anaweza kuruka 22.10, 23.04 na 23.10 zote tatu, akatua kwenye 24.04 bila kuzigusa. Njia hiyo imejengwa na imejaribiwa. Aliye kwenye 20.04 hawezi kuruka 22.04 aende 24.04, lazima atue katikati, awashe upya, kisha aendelee. Umbali kwa miaka haujawa kigezo hata kidogo. Kigezo ni kama kuna aliyeitengeneza barabara.

Debian ni wakali zaidi. Kutoka Debian 11 unakwenda 12, kutoka 12 unakwenda 13, na mwongozo wao hauungi mkono kuruka. Sababu yao ni ya kimantiki: Debian ni maelfu ya vifurushi vya programu vinavyotegemeana, na kifurushi kikibadilishwa jina au kugawanywa mara mbili katika toleo fulani, maelekezo ya mabadiliko hayo huwekwa kwenye toleo hilo na kuondolewa baadaye. Ukiliruka, maelekezo yale hukuyapitia. Kwa seva ya ofisi hii si nadharia. Nimeona watu wakibadilisha majina ya matoleo kwa mkono kwenye orodha ya hazina za programu, wakaruka mawili kwa mkupuo, kisha wakakaa hadi usiku wakifungua fundo moja baada ya jingine.

Mac ni rahisi kuliko zote, angalau juu juu. Apple hukuruhusu kutoka toleo la zamani hadi jipya kabisa ambalo kifaa chako kinalikubali, bila vituo vya katikati. Mtego wake uko kwingine. Ukiruka, unakumbana kwa siku moja na mabadiliko ambayo wengine waliyazoea kidogo kidogo. macOS Catalina ya mwaka 2019 iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, mtindo wa zamani uliotangulia biti 64 za leo. Aliyeivuka Catalina kutoka toleo la kale bila kujua aliamka akakuta programu zake za zamani hazifunguki, na hakukuwa na cha kurekebisha.

Kizuizi cha kweli ni kifaa

Sasa tuseme lile ambalo mafundi wengi hulisema mwisho wakati lingepaswa kutangulia. Kwa walio wengi wenye Windows 7, mjadala wa kuruka au kutoruka hauna faida, kwa sababu kompyuta yenyewe haifikii masharti ya Windows 11. Masharti hayo ni prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ramu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, mfumo wa kuwasha wa UEFI wenye uwezo wa Secure Boot (kinga inayozuia mifumo isiyoaminika kuwaka), na chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0. Ramu na diski huwa hazisumbui. Prosesa na TPM ndizo zinazoangusha watu.

Kwa prosesa za Intel Core, mpaka kwa jumla ni kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kizazi unakisoma kwenye jina lenyewe: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane, i7-10510U ni cha kumi. Hili linawagusa wanunuzi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi ni zile zilizotumika maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai. HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470 ni za kizazi cha sita, hazimo. 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480 kwa kawaida ni za kizazi cha nane, zimo, ingawa baadhi ya 840 G5 na T480 zilitoka na prosesa za kizazi cha saba. Usiamini stika ya nje. Fungua, usome jina la prosesa.

Na muuzaji akikuonyesha kizazi cha sita chenye Windows 11 inayokwenda vizuri, hakudanganyi kwamba inawaka. Kuna njia za kuondoa ukaguzi wakati wa kutengeneza flashi, na programu ya bure iitwayo Rufus huifanya kazi hiyo kwa kubofya kisanduku kimoja. Asichokwambia ni kwamba Microsoft haikuhakikishii apdeti kwenye kompyuta ya namna hiyo, na kwamba toleo dogo jipya, mathalani 25H2, halitakuja lenyewe. Utarudi tena kwa flashi. Kwa kompyuta zenye prosesa za kale za Core 2 Duo hata ujanja huo umegonga mwamba. Kuanzia 24H2 mfumo unadai maagizo fulani ya prosesa ambayo zile hazina, na bila hayo Windows haiwaki kabisa.

Kuna vikwazo viwili vingine vinavyomngoja aliyetoka Windows 7. Cha kwanza ni biti. Kompyuta nyingi zenye ramu ya gigabaiti 2 au 3 ziliwekewa Windows 7 ya biti 32. Hakuna upandishaji wa juu kwa juu kutoka biti 32 kwenda 64, katika toleo lolote, na Windows 11 ya biti 32 haipo. Hapo ni kupiga upya tu, mjadala umefungwa. Cha pili ni namna diski ilivyopangwa. Zama za Windows 7 diski nyingi zilipangwa kwa mtindo wa kale uitwao MBR, ambao hauendani na kuwasha Windows kwa UEFI, na kompyuta ikawekwa iwake kwa mtindo wa kale hata kama UEFI imo ndani. Ukiwa kwenye Windows 10, ukiandika msinfo32 pale ulipoandika winver, utauona mstari wa BIOS Mode: ukisomeka UEFI, vizuri, ukisomeka Legacy, kuna kazi. Windows 10 ina programu iitwayo mbr2gpt inayobadilisha mpangilio wa diski bila kufuta kitu, lakini asiye na nakala ya faili zake pembeni asiiguse.

Yanayosemwa na ukweli wake

Nimesikia kwamba Windows 10 ilizimwa Oktoba 2025. Haikuzimwa. Inawaka, inachapa, inaingia mtandaoni. Kilichokoma ni viraka vya bure vya usalama kwa watu wote. Tena Microsoft iliwaachia watumiaji wa kawaida mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026, kwa atakayejisajili akiwa kwenye toleo dogo la 22H2 la Windows 10 yenyewe na akaunti ya Microsoft. Anaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kukubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bila malipo.

Wengine huamini kwamba ukiruka toleo unakosa viraka vyote vya toleo uliloruka, na matundu yake yanabaki wazi. Hapana. Toleo jipya linakuja na marekebisho ya yaliyotangulia, na apdeti za Windows siku hizi ni za kujumlisha: ya mwezi huu imebeba na za miezi iliyopita.

Halafu kuna ufunguo wa Windows 7. Ofa rasmi ya kupanda bure kutoka 7 kwenda 10 ilikwisha Julai 2016, lakini mlango wa nyuma ukabaki wazi kwa miaka saba, na ukiingiza ufunguo wa 7 kwenye Windows 10 ulikubaliwa. Microsoft iliufunga Septemba 2023. Video za YouTube zinazoufundisha bado zipo na bado zinatazamwa, kwa hiyo usishangae fundi akikuapia kwamba unafanya kazi. Kwa upande mwingine, kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro huwa na ufunguo ndani ya ubao mama, na ufunguo huo hukubaliwa na Windows 11 Pro hata ukipiga upya. Hapo hakuna sababu ya kulipia leseni nyingine, wala ya kukubali zile programu za kuvunja leseni ambazo mara nyingi ndizo huingiza virusi vyenyewe.

La mwisho ni lile la antivairasi: "Nina antivairasi, Windows 7 inanitosha." Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikasimamisha kazi katika hospitali za umma za Uingereza. Nyingi zilikuwa za Windows 7. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Leo mwenye Windows 7 hana hata nafasi ya kuchelewa, kwa sababu viraka havipo. Na wapangaji nao wanahama: Chrome ilimaliza safari yake kwenye Windows 7 na 8.1 kwa toleo la 109, mwanzoni mwa 2023.

Basi ufanyeje

Kama uko Windows 10 na kifaa kinakubali, pandisha juu kwa juu. Hakuna sababu ya kufuta chochote. Mambo yakienda mrama una siku 10 za kurudi nyuma, kwa sababu ya ile folda ya Windows.old, siku hizo zikipita inafutwa. Kompyuta mpakato iwe imechomekwa na betri imejaa, na ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, programu ya usakinishaji hujaribu kurudisha mfumo wa zamani, ila usiifanyie majaribio.

Kama uko Windows 7 na kifaa kinakubali 11, maoni yangu ni moja: usijisumbue na kituo cha katikati. Nakili faili zako kwenye diski ya nje, hakikisha zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, kisha piga upya. Mfumo wenye zaidi ya miaka kumi ya programu zilizosakinishwa na kuondolewa una takataka ambazo upandishaji utazihamisha kwa uaminifu mkubwa. Sababu moja tu inanifanya nikubali mtu apitie 10 kwanza: ana programu anayoitegemea kwa riziki, ya mahesabu ya duka au ya zahanati, iliyowekwa na mtu asiyepatikana tena na isiyo na faili ya kuisakinisha. Huyo apandishe kutoka 7 kwenda 10, aijaribu programu yake kwa siku kadhaa, abadilishe mpangilio wa diski ikibidi, ndipo aende 11. Atahitaji leseni halali, na kabla ya yote atengeneze taswira kamili ya diski nzima, maana nakala ya faili peke yake haitairudisha ile programu.

Kifaa kikikataa, kuna Linux Mint au mojawapo ya ndugu wepesi wa Ubuntu. Kwa anayeandika barua, anayesoma barua pepe na kuingia benki kupitia kivinjari, Core i5 ya kizazi cha tatu yenye ramu ya gigabaiti 4 bado ina miaka ya kazi mbele yake. Anayetegemea programu za Windows pekee atabanwa, na ni heri aambiwe mapema.

Ukimpa fundi akupigie Windows 11, mwombe jambo moja. Wakati wa kusakinisha, Windows hudai akaunti ya Microsoft, na mafundi wengi huingiza ya kwao ili kazi iende haraka. Kuanzia 24H2, usakinishaji safi wenye akaunti ya namna hiyo huweza kuifunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza, na ufunguo wa dharura ukahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Siku ubao mama ukibadilishwa au BIOS, ile programu ndogo inayoiwasha kompyuta, ikiguswa, kompyuta itaomba tarakimu 48, na tarakimu hizo zitakuwa kwa fundi ambaye huenda ameshahama duka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua Mipangilio, nenda kwenye sehemu ya akaunti, uone ni anwani ya nani iliyoandikwa pale.